Maji Yachemkapo Karagwe: Historia ya Vipimo, Kompyuta na Vihisi Katika Darasa la Sayansi

Mwezi wa Novemba mwaka 1861, John Hanning Speke, askari wa Kiingereza aliyekuwa akitafuta chimbuko la mto Naili, alifika pamoja na mwenzake James Augustus Grant katika baraza ya Rumanyika, mtawala wa Karagwe, wakapokewa kwa ukarimu ambao Speke hakuacha kuusifu katika kitabu alichokitoa mwaka 1863. Kwa mujibu wa kitabu hicho, siku moja katika mazungumzo yao mfalme alimwuliza mgeni wake kama jua linaloonekana leo ndilo lile lile lililoonekana jana, au kila siku huzuka jua jipya. Akamwuliza na habari za mwezi, na sababu ya sura yake kubadilika usiku hata usiku. Si maswali ya mjinga haya, maana ilimu ya falaki yenyewe, popote ilipoanza, ilianza na maswali ya namna hiyo. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba katika baraza ile mwenyeji ndiye aliyekuwa na swali, na mgeni ndiye aliyekuwa na chombo cha kupimia, na viwili hivyo vilikaa mbalimbali kwa muda wa miaka mia na zaidi. Historia ninayokusudia kuisimulia ni ya namna swali na chombo vilivyosogeleana kidogo kidogo, kwa njia za Ulaya na Marekani, za Lushoto na Iringa, hata vikakaribia kukutana katika shule ya sekondari ya kata.

Rugu ni kata mojawapo ya Wilaya ya Karagwe katika Mkoa wa Kagera, nchi ya Wanyambo, yenye vilima na mabonde, migomba, mibuni na mashamba ya maharage. Na wilaya jirani ya Kyerwa, iliyopakana na Rwanda na Uganda, ilikuwa sehemu ya Karagwe hiyo hiyo mpaka ilipotengwa mwaka 2012. Ni nchi iliyoinuka sana juu ya usawa wa bahari, na sehemu zake nyingi hukaribia mita 1,500 au kuzidi. Kuinuka huko ndiko kutakakotuongoza katika habari zote zifuatazo, kwa sababu kunabadilisha jambo ambalo kila mtoto wa shule hudhani halibadiliki, nalo ni joto la maji yanayochemka.

Speke alikuwa na njia ya kukijua kimo cha nchi bila kunyoosha kamba wala kujenga mnara. Alitia maji katika chombo, akayachemsha, akatumbukiza kipimajoto, akasoma nyuzi ambazo maji yalichemkia. Kwa kuwa hewa hupungua uzito kadiri mtu apandavyo, maji ya nchi ya juu hukandamizwa na hewa kidogo kuliko maji ya pwani, na kwa hivyo huchemka kabla hayajafikia nyuzi 100 za Selsiasi. Na kila mita 300 hivi za kupanda hupunguza uzi mmoja. Mwaka 1858, alipoliona Ziwa Nyanza kwa mara ya kwanza upande wa Mwanza, alikuwa na kipimajoto duni cha kupimia maji ya kuoga, akakichemsha hicho hicho, na hesabu yake ikatoa futi 3,740 juu ya bahari, ilhali vipimo vya siku hizi vinatoa futi 3,720 au karibu yake. Bahati haikukosa sehemu yake katika usahihi ule. Walakin yatosha kuonyesha kwamba chombo hafifu mikononi mwa mtu ajuaye analolitafuta hufanya kazi kubwa.

Namba hizo zilisafiri. Urefu wa vilima, siku za mvua na nyuzi za joto viliandikwa katika madaftari, madaftari yakatiwa katika masanduku, na masanduku yakaenda London kusomwa na wanachuoni wa jiografia. Mwaka 1876 alifika Henry Morton Stanley, akakaa Kafuro penye makazi ya wafanyabiashara Waarabu, akamzuru Rumanyika, akapima kina cha mto Kagera, kisha akaenda mpaka Mtagata, kwenye chemchemi za maji moto ambazo leo zimo katika Wilaya ya Kyerwa, na ambako tangu zamani wagonjwa walikuwa wakienda kuoga wakitaraji shifaa. Stanley alitumbukiza kipimajoto chake katika chemchemi iliyokuwa na moto kuliko zote, zebaki ikapanda ikapita nyuzi 129 za Farenhaiti, yaani kama 54 za Selsiasi. Akachukua na maji katika chupa, yakapimwe Uingereza ijulikane yana madini gani. Wagonjwa waliokuwa wakioga pale waliendelea kuoga, na majibu ya chupa yakachapwa katika kitabu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekisoma.

Baadaye walikuja Wadachi, kisha Waingereza, na shule za misheni zikaenea katika nchi za Bukoba na Karagwe. Katika shule hizo, isipokuwa chache zilizojaliwa maabara, sayansi ilifundishwa kwa chaki na ubao: mwalimu huandika kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100, mwanafunzi hunakili, na siku ya mtihani huirudisha sentensi ile ile ilivyokuja. Kipimajoto, kilipokuwapo, kilikaa kabatini chini ya kufuli, maana kikivunjika hakuna kingine.

Tukio lililotikisa mazoea hayo halikutokea Karagwe, bali katika Shule ya Sekondari ya Magamba, karibu na Lushoto, mwaka 1963. Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa na wenzake wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, kisha huyaweka katika jokofu. Siku hiyo nafasi ilikuwa haba na wenzake wakiharakisha, basi naye akayaweka maziwa yake yangali moto. Na baada ya muda wa saa moja na nusu hivi akakuta ya kwake yameganda, ilhali ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha hayajawa barafu. Alipomwuliza mwalimu aliambiwa amechanganyikiwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu mwingine akamjibu kwa dhihaka kwamba hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, wala si ya ulimwengu, na wenzake darasani wakaigeuza dhihaka hiyo kuwa wimbo wa kila akoseapo hesabu.

Mpemba hakunyamaza. Ikatokea kwamba Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, alikuja Mkwawa kutoa mhadhara, na kijana akasimama mbele ya watu akauliza: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, yakiwekwa pamoja katika jokofu, kwa nini ya moto hutangulia kuganda? Wengine walicheka, Osborne hakucheka, akaahidi kujaribu, na aliporudi Dar es Salaam akatimiza ahadi. Mwaka 1969 wawili hao walitoa makala pamoja katika jarida la kufundishia fizikia huko Uingereza, na tangu hapo jina la mtoto wa shule wa Tanganyika limekuwa likitajwa katika vyuo vya dunia nzima. Kwa mara hii mwenye swali na mwenye chombo walikuwa wamekaa meza moja.

Katika miaka hiyo hiyo mashine za kuhesabu zilikuwa zimekwisha ingia nchini. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha, ikifanya kazi za hesabu za Serikali. Lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, kwa kuogopa gharama zake na kwa kuona kwamba faida iliyotarajiwa haikuonekana. Marufuku hiyo ililegezwa miaka ya baadaye, ila taathira yake ilibaki: ule muda ambao kompyuta ziliingia madarasani katika nchi nyingine, hapa kwetu neno kompyuta lilikuwa bado habari ya ofisi kubwa za Dar es Salaam.

Haikosi mafundisho kwamba katikati ya kipindi hicho, mwaka 1976, vyombo vya kupimia vilirudi Kagera, ambayo siku hizo ikiitwa Mkoa wa Ziwa Magharibi, kwa shabaha tofauti na ile ya Speke. Peter Schmidt, mtaalamu wa mambo ya kale, na Donald Avery, mhandisi, wote wawili wa Chuo Kikuu cha Brown cha Marekani, waliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tena tanuri la kuyeyushia chuma kama walivyolijua kabla ya majembe ya madukani kuiua kazi hiyo. Wazee walijenga kwa udongo wa kichuguu, wakaingiza kewa ndefu za udongo, yaani mabomba ya kupitishia hewa, ndani ya tanuri, wakavuvia kwa mivukuto, na wageni wakapima joto. Katika makala waliyoitoa mwaka 1978 walieleza joto lililokaribia nyuzi 1,800, wakasema kwamba hewa hupashwa moto ndani ya kewa kabla ya kufika penye makaa. Na ingawa wataalamu wengine walibishana nao juu ya sababu hiyo, jambo moja halikubishaniwa, kwamba mafundi wasiokuwa na kipimajoto hata kimoja walijua kwa rangi ya moto na kwa mvumo wake wakati wa kuzidisha hewa na wakati wa kuipunguza. Macho na masikio ya wazee wale yalikuwa vipimo. Kilichokosekana ni namna ya kuyaandika yale waliyoyahisi ili mtu asiyekuwapo apate kuyakagua.

Kuandika kinachohisiwa ndiyo kazi hasa ya vihisi vya umeme. Katika miaka ya mwisho ya 1970, Robert Tinker, mwanafizikia wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi iitwayo TERC, mjini Cambridge, Massachusetts, alitambua kwamba kompyuta ndogo zilizokuwa zikiingia shuleni, kama Apple II ya mwaka 1977, zilikuwa na tundu la kuchomekea vishikio vya michezo, na kwamba tundu lile halijali kama linasoma kishikio cha mchezo au kipande cha madini ambacho upinzani wake kwa umeme hupungua kinapopata joto. Akachomeka kipande hicho, na kompyuta ikawa kipimajoto. Kampuni ya Polaroid ilipotoa mwaka 1978 kamera inayopima umbali kwa mwangwi wa sauti isiyosikika na binadamu, yeye na wenzake waliichukua ala ile wakaifanya ipime mwendo wa mtoto atembeaye mbele ya meza. Huko Oregon, mwaka 1981, David Vernier, aliyekuwa mwalimu wa fizikia, na mkewe Christine walianzisha kampuni ya kuwatengenezea walimu programu na vihisi. Na mwaka huo huo Uingereza ilitoa kompyuta ya shule iitwayo BBC Micro, iliyokuwa na mlango maalumu wa kupokea vipimo vya namna hiyo.

Je, mtoto hujifunza zaidi kwa kuwa namba zimesomwa na mashine? Jibu moja zuri lilipatikana mwaka 1987, Heather Brasell alipowapa wanafunzi kihisi cha mwendo. Wengine waliiona grafu ikichorwa papo hapo walipokuwa wakitembea, na wengine walionyeshwa grafu ile ile baada ya kuchelewa kwa sekunde 20 hivi. Walioiona papo hapo walielewa maana ya mistari. Wale waliocheleweshewa walipoteza sehemu kubwa ya faida. Kwa hiyo thamani ya chombo haikuwa katika usahihi wa namba zake, wala katika uzuri wa kioo chake, bali katika kuuweka mkono utendao na mchoro uelezao mbele ya macho kwa wakati mmoja, kabla ya swali kupoa kichwani.

Ilimu hiyo ilichelewa kutufikia. Baada ya mwaka 2004, chini ya mpango wa kupanua elimu ya sekondari, shule za kata zilijengwa kwa maelfu nchi nzima, nyingi zikiwa na madarasa na walimu wachache, bila umeme wala maabara. Na kwa muda mrefu watahiniwa wengi walifanya mtihani wa vitendo kwa kalamu, wakieleza kwa maneno majaribio ambayo hawakuyafanya. Ndipo Rais Jakaya Kikwete alipoagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, na mwaka 2014 ukawa mwaka wa michango, wa matofali, na wa watendaji wa kata kupita nyumba hata nyumba. Majengo mengi yalisimama. Lakini kuta haziwi maabara mpaka ziwe na kitu cha kupimia ndani yake, na fedha zilizojenga kuta hazikutosha kununua vyombo.

Chombo kilikuja kwa mlango ambao watu hawakuutazamia. Mwezi wa Agosti mwaka 2022 ilifanyika Sensa ya Watu na Makazi, na makarani walipita vijijini na vishikwambi, wakiandika umri wa watu, aina ya nyumba na idadi ya mifugo. Sensa ilipokwisha, Serikali iliamua vishikwambi vile wagawiwe walimu. Kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya kukusanya habari za wananchi na kuzipeleka Dodoma kikaangukia mikononi mwa mwalimu wa kijijini. Na kifaa cha namna hiyo, hata kikiwa cha bei nafuu, huwa na kihisi cha mtikisiko na kipaza sauti, na vingine vina cha mwanga na cha usumaku. Tangu mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Aachen, Ujerumani, kinatoa bure programu iitwayo phyphox, ambayo huvisoma vihisi hivyo na kuchora grafu yake papo hapo. Mwaka huo huo, tarehe 10 Septemba, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, likaua watu na kubomoa majengo ya shule za Ihungo na Nyakato. Ukubwa wake tuliambiwa kutoka mbali, ilhali kihisi cha mtikisiko, cha jinsi ile ile kwa kanuni zake, kilikuwa kimelala ndani ya simu zilizomo mifukoni mwa watu wengi wa mkoa huo.

Sasa turudi kwenye maji. Kihisi cha joto cha bei ndogo, kilichofunikwa kwa mrija wa chuma, kikitiwa katika sufuria iliyo juu ya jiko la mkaa huko Rugu, na waya wake ukiingia katika kompyuta, mstari hupanda kwenye kioo kwa mwinuko wa karibu kunyooka: nyuzi 40, 60, 80. Viputo vidogo huanza kushika kuta za sufuria, kisha vikubwa hupasuka juu, mvuke hufuka, na hapo mstari hulala. Mwanafunzi huongeza mkaa na kupepea, na mstari haupandi, maana moto wote ulioongezwa unatumika kugeuza maji kuwa mvuke. Tena mstari haukulala penye 100. Umelala penye 95 au karibu yake. Mtoto aliyenakili 100 tangu darasa la tano atasema kifaa ni kibovu. Mwalimu anayejua kazi yake hatamjibu upesi. Atamwambia apime barafu inayoyeyuka aone kama kihisi kinasoma sifuri, ajaribu kihisi cha pili, kisha atafute ramani asome kimo cha kata yake. Hesabu ya Speke itarudi, safari hii ikifanywa na mwenyeji. Naye akitoka hapo akamwuliza bibi yake kwa nini maharage ya Karagwe hula kuni nyingi kuliko yakipikwa Tanga, atakuwa ameipata sababu mojawapo kwa mkono wake mwenyewe: maji ya kwao hayafikii joto la maji ya pwani, wala kuchochea kuni hakuyafikishi.

Wako waliokwisha kwenda hatua nyingine. Mradi uitwao TAHMO, ulioanzishwa na Nick van de Giesen wa Delft, Uholanzi, na John Selker wa Oregon, umeweka vituo vya hali ya hewa katika shule za Kenya na nchi nyingine za Afrika. Kituo chenyewe ni mlingoti wenye kichwa kidogo kisicho na kitu kinachozunguka: mvua hutiririka katika kijifaneli na kudondoka tone kwa tone, na kila tone likigusa ncha mbili za metali huhesabiwa, upepo hupimwa kwa sauti ipitayo hewani, umeme hutoka kwa jua, na habari hupelekwa kwa mtandao wa simu. Shule hukitunza kituo, nayo hupewa namba zake za kufundishia. Mapatano hayo ni ya haki kuliko yale ya chupa ya Mtagata, kwa sharti moja, kwamba namba zifunguliwe kweli darasani, zisiwe za kupita tu juu ya paa la shule kwenda kwa wengine.

Hadhari nayo haina budi kutajwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wakichunguza upya habari ya Mpemba kwa vihisi vya kisasa, walionyesha kwamba sentimita moja ya tofauti katika kimo cha kipimajoto ndani ya maji yatosha kumfanya mtu aone maji ya moto yamewahi ilhali hayakuwahi. Na mabishano hayo hayajafungwa hata leo. Kihisi hakisemi uongo, lakini hujibu palipowekwa, si pale mpimaji alipodhani amekiweka. Kompyuta ikichora grafu safi ya kipimo kibaya, usafi wake humzidishia mwanafunzi imani katika kosa. Kwa hiyo anayeanza na kihisi asikose kujua kwanza kipimajoto cha kioo, na anayesoma grafu asikose kuwahi kuichora kwa rula japo mara moja.

Lililobaki si la mashine. Umeme wa vijijini unaendelea kusambazwa, bei za vihisi zimeshuka, na vishikwambi vipo. Kitakachoamua ni kalamu nyekundu ya mwalimu siku anaposahihisha daftari lililoandikwa kwamba maji yalichemka kwa nyuzi 95. Akilikata jibu hilo kwa sababu kitabu kimesema 100, mwanafunzi atajifunza mara moja kwamba vyombo vile ni mapambo, na kwamba namba za kweli hutoka kwingine. Wala kompyuta elfu hazitamwondolea tena funzo hilo. Akimwuliza alipimia wapi, kwa kihisi kipi, na mara ngapi, kisha akampa alama zake na kuamuru namba hizo zitiwe katika daftari la shule ili kidato kijacho kizikague, basi kazi ya kupima Karagwe itakuwa imekabidhiwa kwa wanaokaa Karagwe.